Mguu wa Safari

Watu wengi wenye miguu miwili hawajui wanatembeaje. Waulize, watakwambia wanatembea tu. Fundi Hatua alikuwa anajua. Aliweza kuinama juu ya meza yake ya kazi, kule nyuma ya hospitali, mgongo ameupa mlango, akamsikia mtu anapita kwenye veranda na kusema bila kugeuka, "Huyo goti la kulia linamsumbua." Ukichungulia unakuta ni kweli, mzee wa watu anaburuta goti la kulia na mkono ameshika kiuno.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza miguu ya bandia. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya jasi na plastiki iliyoungua, miguu imening'inia ukutani kwa ndoana, mingine ya watu wazima, mingine midogo mpaka inakutia huzuni bila kutaka. Mteja akija, fundi alikifunga kigutu chake kwa bendeji ya plasta, akangoja ikauke, akaivua kama ganda na kumimina jasi ndani yake apate mfano wa kigutu chenyewe. Mfano huo aliupiga tupa hata siku mbili. Halafu bamba la plastiki liliingia tanurini mpaka likalegea kama unga uliokandwa, likafunikwa juu ya mfano, na hapo kikapatikana kile alichokiita kikombe, yaani mahali kigutu kinapoingia. Chini ya kikombe ni bomba, na chini ya bomba ni wayo wa mpira. "Hayo ya chini ni chuma na mpira tu," alipenda kusema. "Mguu ni kikombe."

Jina la Hatua alipewa na wateja. Mtu akisimama mara ya kwanza katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, mbele ya kioo kikubwa, jasho linamtiririka, fundi alikaa kwenye kigoda na kumwambia, "Hatua moja. Usiniletee mbili." Kisha alifumba macho, maana mwendo alikuwa anausikiliza. Viatu viwili vikilia sawasawa, mguu umekubali. Kimoja kikilia kwa nguvu kuliko mwenzake, kesho tena, na tupa tena.

Mguu wake mwenyewe wa kushoto uliishia chini ya goti. Aliupoteza akiwa na miaka kumi na minane, kwa ajili ya jozi ya viatu. Dada yake mkubwa alikuwa amepata kazi ya kwanza, kupokea wageni kwenye ofisi moja, aanze kesho yake. Viatu vyake vya kisigino vilikuwa kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara, naye alikuwa anapiga pasi blauzi. Akamwambia mdogo wake, "Kimbia kanichukulie viatu kabla hajafunga." Mdogo akakimbia. Wakati wa kurudi, lori la mbao likakatika breki. Walipomtoa chini yake bado alikuwa ameshika viatu, na viatu havikuwa na hata mkwaruzo. Dada hakuvivaa kamwe, na kazi ile hakuianza.

Alichoanza ni kumbeba mdogo wake. Miezi saba alimbeba mgongoni, kumpeleka chooni, bafuni, kwa muuguzi wa kubadilisha bendeji, yeye mfupi, mdogo wake mrefu, mguu ule uliobaki unachora mstari kwenye vumbi. Majirani waliwatania. "Wewe, huyo mwanao bado hajaacha kunyonya?" Dada alicheka nao. Ndani ya nyumba hakucheka. Hakuna mtu aliyemlaumu, na mdogo wake hakuwahi hata kuliwaza jambo hilo, lakini yeye alikuwa ameshajihukumu. "Mimi ndiye niliyekutuma," alikuwa akimwambia, kila mara kwa sauti ileile, kama mtu anayetaja jina lake kituo cha polisi.

Baadaye dada akapata kibarua cha kufua mashuka ya hoteli kubwa, nchi ya mbali, akaondoka. Picha ya mwisho aliyoondoka nayo ni ya mdogo wake amesimama getini juu ya magongo mawili.

Ilipita miaka ishirini na saba. Katika miaka hiyo kijana alipata mguu, akajifunza kazi kwa mzee aliyemtengenezea mguu huo, akaoa, akazaa, akaota mvi. Dada naye aliolewa huko huko, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume. Mara mbili alipanga kuja nyumbani, na mara mbili makaratasi yakamkwamisha. Walizungumza kila Jumapili. Simu za picha zilipoingia, dada alifurahi kuliko watu wote.

"Haya, mdogo wangu, mpe mkeo simu akushikie. Nione unavyotembea."

"Dada, mwendo hauonekani kwenye kioo kidogo kama kitambulisho. Utauona kwa macho yako."

"Macho yangu yanazeeka."

"Yatangoja."

Ukweli ni kwamba kila mguu aliojitengenezea aliuona una kasoro. Mmoja ulikuwa mzito, mwingine ulimchechemesha kidogo, mwingine ulilia kwenye kifundo. Wateja wake aliwaambia mguu usio na kasoro haujatengenezwa, waende nyumbani wakaishi. Yeye mwenyewe ushauri huo hakuufuata. Alitaka siku dada atakapomwona, amwone anakuja kama mtu ambaye hakuwahi kutumwa viatu. Aliamini kwamba siku hiyo dada angelitua lile neno lake, na asingelisema tena.

Mwezi wa nne mpwa wake akapiga simu, na haikuwa Jumapili. "Mjomba, daktari ametuambia tuite watu wake wote. Mama anakutaja wewe tu." Ndugu wakachanga nauli, na tiketi ikapatikana ya siku ya sita.

Mtu mwenye akili zake, akiwa na siku tano, angepanga begi na kulala. Fundi Hatua alitengeneza mguu mpya.

Sasa, wateja wake waliosafiri kwa ndege, ambao hawakuwa wengi, aliwapa masharti matatu. Mguu mpya usiusafirie kabla hujauvaa wiki mbili. Soksi ya kigutu isiwe na mkunjo, maana mkunjo mmoja ukikaliwa saa mbili unageuka msumari. Na la tatu, ambalo aliwafanya walirudie mbele yake: usiuvue mguu angani. Ukiwa umekaa muda mrefu kule juu nyama inavimba, kikombe ndicho kinachoizuia, na ukiuvua angani hutauvaa ardhini. Hayo aliyasoma kwenye kitabu cha kazi na kuyafundisha miaka kumi na mitano bila kupanda ndege hata siku moja, kama kapera anayesuluhisha ndoa za watu. Na bado alikuwa anasema kweli.

Lakini kinyozi hajinyoi. Alijifungia karakanani siku nne. Kikombe alikipunguza mpaka kikabana, kwa sababu kikombe kinachobana hakichezi, na kisipocheza mtu hachechemei. Usiku wa kuamkia safari mkewe alimkuta anatembea sebuleni, amefumba macho, anasikiliza viatu vyake.

"Baba watoto, huo wa zamani una ubaya gani?"

"Unalia."

"Unalia kidogo tu. Mimi nimeuzoea, ndiyo najua umefika getini."

"Dada hajauzoea."

Mkewe akakunja shati, akaliweka begini. "Basi nikufungie na magongo. Njia ni ndefu."

"Magongo aliniacha nayo," akasema. "Hatanikuta nayo."

Mwanamke huyo aliishi naye miaka ishirini na miwili, alijua mahali pa kunyamaza. Akafunga zipu ya begi.

Asubuhi, kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, mlango wa chuma ulipiga kelele alipopita. Alikuwa ametegemea hivyo. Hakutegemea kuambiwa avue. Mkaguzi, msichana mwenye glavu za mpira, alimwita baba, akampa kiti kwa adabu, akasema samahani, ni utaratibu, mguu unapita kwenye mashine peke yake.

"Ndani kuna nini, baba?"

"Hewa," akajibu. "Na jasho langu la siku nne."

Msichana akatabasamu, lakini mguu akauchukua. Ukalazwa kwenye trei ya plastiki kati ya mkanda wa mtu na kompyuta ya mtu mwingine, bado una kiatu chake cheusi kilichong'arishwa. Foleni nzima ikautazama ukiingia mashineni. Kwenye kioo cha mkaguzi fundi aliuona kwa ndani, bomba, bolti nne, wayo, kila kitu kimenyooka, na hata pale alipokuwa ameaibika alipata fahari kidogo.

Uliporudi ilibidi auvae palepale. Watu walikuwa wanangoja viatu vyao, mtu mmoja akaguna. Fundi Hatua, aliyewakatalia watu wazima kusimama mpaka soksi imenyooka kama ngozi, aliivuta soksi yake haraka haraka, akasukuma kigutu ndani, akasikia kimeingia, akaondoka. Nyuma ya goti soksi ilikuwa imejikunja.

Ndege iliruka saa moja asubuhi. Safari ilikuwa ya saa saba. Saa ya kwanza alitazama mawingu na kuyashangaa kama watu wote. Saa ya pili mkunjo ulianza kumuuma. Saa ya tatu alikuwa anatokwa na jasho kwenye ubaridi ule, ameshika mikono ya kiti, meno ameyauma. Jirani yake, mama mmoja mnene mwenye biashara ya vitambaa, alikuwa ameshauona mguu tangu wakati wa kukaa.

"Baba, unakuuma?"

"Kidogo."

"Si uvue? Hapa nani anakutazama?"

Alilikumbuka sharti la tatu, alilikumbuka neno kwa neno. Akajiambia anavua anyooshe soksi tu, dakika moja, arudishe. Akavua. Hewa ikaingia, maumivu yakakatika, na raha ikampanda mpaka kichwani. Alikuwa na siku tano bila usingizi wa maana. Akaegemea kiti, mguu ameukumbatia kati ya magoti, soksi mkononi, akasema nafsini dakika moja.

Aliamshwa na sauti ya mhudumu ikitangaza watu wafunge mikanda, ndege inashuka. Alikuwa amelala saa nne.

Alipokigusa kigutu alijua. Hakuwa na haja ya kujaribu, lakini alijaribu, kwa nguvu, kwa kuomba, mpaka yule mama wa vitambaa akageuza uso dirishani. Kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na kikombe alichokipiga tupa siku nne ili kibane hakikuingia hata nusu. Angekuwa na ule wa zamani, wenye kikombe kilicholegea kwa miaka, labda ungeingia. Akashuka wa mwisho, kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na mtu asiyemjua, mguu wake wa safari ameulaza mapajani.

Mpwa wake alimpokea. Walikuwa hawajawahi kuonana, lakini alikuwa na paji la uso la mama yake, na fundi akaanza kulia kabla ya salamu. Ndani ya gari binti alimweleza: tangu jana mama hali chakula, anasinzia na kuamka, na kila akiamka anauliza kama ndege imetua.

Saa tisa walikuwa hospitali. Wodi ilikuwa ghorofa ya pili. Mpwa alikisukuma kiti hadi kwenye lifti, akabonyeza kitufe, na mlango ukafunguka.

"Ngoja," akasema mjomba.

"Nini, mjomba?"

"Nipeleke kwenye benchi lile. Nitafutie bendeji pana. Nikikifunga na kukiinua juu, saa moja kitapungua, saa moja na nusu kwa wingi. Hii kazi naijua."

"Mjomba, panda hivyo hivyo. Mama hajali kiti."

"Najali mimi. Mama yako ana jambo moja amelibeba tangu hujazaliwa. Akiniona kwenye kiti nitakuwa nimemwongezea."

"Mama anakungoja wewe, mjomba."

"Haraka haraka haina baraka, mpwa wangu. Saa moja."

Mlango wa lifti ukajifunga wenyewe. Binti alimtazama huyu mjomba aliyemsikia kwenye simu maisha yake yote, akaona atafanya kosa akibishana na mkubwa, naye alikuwa amechoka. Akaenda duka la dawa, akaleta bendeji. Ndipo akapanda juu.

Haraka haina baraka, sawa. Ila wahenga haohao ndio waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mtu huchukua ile inayomfaa. Fundi alilala kwenye benchi, kigutu amekiinua juu ya begi, akakifunga kutoka chini kwenda juu kama alivyowafundisha mamia ya watu. Kila baada ya muda alifungua, akakipima kwa vidole, akafunga tena. Wagonjwa walipita na kumtazama. Alikuwa na utulivu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa sababu alikuwa kazini.

Baada ya nusu saa mpwa akashuka mbio. "Ameamka. Ameniuliza uko wapi."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia umefika, uko chini."

"Mwambie navaa viatu," akasema, akacheka kidogo. "Ataelewa. Mwambie navaa viatu, nakuja."

Binti akapanda tena. Hakushuka tena.

Saa kumi na nusu kigutu kikakubali. Alinyoosha soksi, akaipapasa pande zote, haikuwa na mkunjo hata mmoja. Kikaingia polepole mpaka mwisho. Akasimama, akaweka uzito, akangoja. Hatua moja. Akatembea mpaka lifti na kurudi, amefumba macho, na viatu vyake vilikuwa vinalia sawasawa. Katika miaka yote ya kusikiliza miguu ya watu hakuwa amesikia mwendo mzuri kama huo, na ulikuwa wake.

Ghorofa ya pili ilikuwa na ukumbi mrefu wenye sakafu ya vigae. Alitembea katikati yake, mgongo ameunyoosha, begi mkononi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Akaingia, akakatisha chumba mpaka kitandani bila kushika kitu, hatua kumi na moja, akasimama mahali ambapo dada angeweza kumwona mzima, kuanzia kichwa hadi viatu.

Mpwa wake alikuwa ameinama, mkono wa mama yake uko mikononi mwake. Akainua uso.

"Nilisikia mtu anatembea," akasema. "Sikujua ni wewe."

Dada alikuwa amefumba macho, na muuguzi alikuwa anakunja mirija.

Fundi akaweka begi chini. "Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Dakika kumi hazijafika."

"Ulimwambia? Kuhusu viatu?"

Binti akaitikia kwa kichwa. "Nilimwambia mjomba anavaa viatu, anakuja. Akasema, 'Mwambie asivae. Aje hivyo hivyo, nitambeba.' Nikataka kushuka nikuite, akanishika mkono, hakuuachia."

Fundi Hatua alisimama vile vile kwa muda, wima, kama alivyokuwa amejipanga kusimama. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akapandisha suruali, akauvua ule mguu. Akausukuma chini ya kitanda pamoja na kiatu chake. Akajivuta mpaka karibu na dada yake, akaweka paji la uso kwenye bega lake, pale alipokuwa akiliweka zamani alipokuwa anabebwa, akalia kwa sauti. Muuguzi akafunga mlango.

Mazishini alikwenda kwenye kiti, mpwa wake anamsukuma.

Alirudi nyumbani na mguu ule begini. Sasa unaning'inia kwenye ndoana ya mwisho ya karakana, na hakuna anayeruhusiwa kuchukua hata bolti yake. Yeye anavaa ule wa zamani. Mkewe bado anausikia ukilia getini, anaweka maji ya kuoga.

Mteja akija kuaga kwamba anasafiri kwa ndege, fundi anampa masharti yale matatu na kumtaka arudie la tatu. Halafu anaongeza la nne, na hili analisema akitazama meza. Ukishindwa kuuvaa, nenda hivyo hivyo, usingoje. Wengi huitikia tu. Mmoja, mtu wa utani, aliwahi kumuuliza, "Hivyo hivyo vipi, fundi? Nitambae?"

"Tambaa," akamjibu. "Au akubebe aliyekuja kukupokea."

Akachukua tupa yake, akaendelea na kazi.